Mtwa Mkwawa wa Uhehe

Mtoto akiuliza, "Mkwawa alikuwa nani?" tumjibu neno zima. Ndiye ambaye askari wake walilivunja jeshi la Wajerumani huko Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891. Boma lake la Kalenga lilitwaliwa mwaka 1894, naye akapigana porini hata mwaka 1898, akajipiga risasi asishikwe hai. Mwaka 1954 fuvu lililotajwa kuwa lake likarudishwa Uhehe. Wahehe humsifu, na ni haki yao. Walakini Wasangu walipigwa na Wahehe wakafukuzwa makwao. Ndiyo maana Merere, mtemi wao, aliwaunga mkono Wajerumani. Basi tusimwite Merere msaliti tu, wala Mkwawa mkatili tu. Anayefundisha nusu ya habari huwarithisha watoto ugomvi wa wazee.