Tuwahesabu Sisimizi kwa Uaminifu



Kitabu cha Mithali humtuma mvivu kwa chungu, yaani sisimizi, akajifunze bidii. Leo nawaalika tumwendee kwa swali jingine: je, wako wangapi duniani?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa la kukisia. Wataalamu Bert Hölldobler na Edward Wilson walichukua kadirio la wadudu wote, wakadhani sisimizi ni asilimia 1 yao, wakapata trilioni 10,000. Mwaka 2022 watafiti, wakiwemo wa vyuo vikuu vya Hong Kong na Würzburg, walishika njia nyingine. Walikusanya tafiti 489 zilizokwisha kufanywa mahali mbalimbali. Katika tafiti hizo, wengine walichekecha majani makavu ya msituni katika eneo lililopimwa. Wengine walifukia vikombe, midomo ikiwa sawa na ardhi, wakahesabu waliotumbukia. Haba na haba hujaza kibaba: jumla ilifikia takriban trilioni 20,000, yaani milioni 2.5 hivi kwa kila mwanadamu. Kaboni iliyomo katika miili yao inazidi ile ya ndege na mamalia wote wa porini kwa pamoja.

Hata hivyo, watafiti hao walikiri upungufu. Sisimizi wa juu ya miti na wa chini ya udongo hawajahesabiwa vya kutosha, na sehemu nyingi za Afrika zilikuwa na takwimu chache mno.

Hapa ndipo suala la haki linapoingia. Sisimizi hupitisha hewa na maji udongoni na kueneza mbegu. Wakulima wa minazi wa Pwani na Zanzibar wanawafahamu majimoto, wanaowafukuza wadudu wafyonzao nazi changa. Tukifyeka misitu na kumwaga sumu ovyo, mkulima ndiye atakayepata hasara, wala hatakuwa na ushahidi wa alichokuwa nacho hapo awali.

Basi tusingoje wageni. Shule ya parokia yaweza kufukia vikombe kumi shambani, kila mwaka, majira yaleyale, na kuandika hesabu katika daftari. Msiongeze wala msipunguze. Na palipo sifuri, andikeni sifuri.