Nishani ya Babu Si Dhahabu

Msikilizaji, ukikuta kwenye sanduku la marehemu babu nyota ya manjano yenye ncha sita na maneno "The Burma Star", usiikimbize kwa sonara Kariakoo. Ni shaba iliyochanganywa na zinki. Walipewa nyota hii askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, waliopigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, na Uingereza haikuchonga jina la mtu juu yake. Lakini nishani nyingi za vita vya 1914–1918, vile vinavyokumbukwa kwa Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, zina namba na jina ukingoni. Hapo ndipo thamani ilipo. Na jamani, usiisugue nishani kwa majivu! Iweke na utepe wake, barua na picha, uende nayo Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ukaulize kabla hujaiuza.