Rovu na Sauti ya Mwimbaji

(Hotuba hii ilisomwa na mganga mmoja wa hospitali mbele ya mkutano wa waalimu wa kwaya. Twaipiga chapa hapa kwa faida ya wasomaji wetu.)



Mlipoomba mganga aje kuzungumza nanyi juu ya kutunza sauti, nadhani mlitazamia habari za mafua, vumbi na kupiga kelele. Hayo mwayajua kunishinda. Mimi nimekuja kusema juu ya rovu, yaani ule uvimbe wa mbele ya shingo, kwa sababu mara nyingi mwalimu wa kwaya ndiye wa kwanza kusikia kwamba sauti ya mtu imebadilika, hata kabla mwenyewe hajatambua.

Chini kidogo ya kongomeo pana tezi iliyo kama kipepeo aliyetandaza mabawa yake juu ya bomba la pumzi. Kwa mtu mzima mwenye afya uzito wake ni kama gramu 20, wala haionekani. Ili ifanye kazi yake huhitaji madini yaitwayo iodini, maikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, na 250 kwa mwanamke mwenye mimba. Ni kidogo mno, hata huwezi kuiona kwenye ncha ya kisu. Ikikosa, tezi hufura. Katika nchi nyingi za milimani mvua imeiosha iodini kutoka katika udongo, na ndiyo sababu Uswisi ilianza kuitia katika chumvi mwaka 1922, na katika Kenya jambo hilo likawa la lazima kwa sheria mwaka 1978. Wako wanaodhani kwamba chumvi ya bahari inayo iodini ya kutosha kwa asili yake. Sivyo, ni lazima itiwe. Lakini rovu lina sababu nyingine pia, na mtu alaye chumvi njema aweza kulipata.

Sasa natuje kwenye sauti. Ndani ya kongomeo mna nyuzi mbili, nazo zikikaribiana na pumzi kupita katikati, hutetemeka na sauti hutoka. Kila uzi unaendeshwa na mshipa wake wa fahamu, na njia ya mshipa huo ni ya ajabu. Hutoka kichwani, huteremka shingoni, hupita jirani na kongomeo bila kusimama, ukaenda zake chini. Ule wa kushoto huingia kifuani, huzunguka mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni, kisha hupanda tena. Wa kulia hugeuka karibu na mtulinga. Ni kama mtu atokaye Nyeri kwenda Nanyuki, naye akashuka kwanza mpaka Nairobi! Katika kupanda huko, mishipa yote miwili hupita kando ya bomba la pumzi, nyuma ya tezi kabisa. Yapata miaka 1,800 iliyopita mganga Galen alimkata nguruwe mishipa hiyo mbele ya watu. Nguruwe akaendelea kujitupa na kuhangaika, lakini kelele zake zilikoma papo hapo.

Basi mwaona hatari ilipo. Wengi wenye rovu wana sauti nzima, wala sipendi mtu atoke hapa na hofu. Lakini rovu kubwa laweza kuukandamiza mshipa au kuuvuta, na uzi wa upande ule ukalegea. Hapo sauti huwa na upepo ndani yake. Mwimbaji huishiwa na pumzi katikati ya mstari ambao mwaka jana aliumaliza bila taabu. Maji anywayo humpalia. Mwingine mishipa yake ni mizima, ila tezi imechoka, na nyuzi zenyewe zimevimba. Sauti yake huwa nzito na ya kukwaruza, naye huona baridi wakati wenzake wanatoka jasho, na usingizi humlemea. Huyu hutibiwa kwa vidonge. Lakini uvimbe ulio mgumu, unaokua upesi, pamoja na sauti iliyokauka, waweza kuwa saratani, na mtu huyo asingoje hata wiki moja. Wala asingoje yule apumuaye kwa mlio anapolala chali.

Naliwahi kumwona mama mmoja wa sauti ya pili aliyefunga kitambaa shingoni miaka miwili. Kwaya ilimhamisha nyuma, kisha ikamwacha. Majirani walisema amerogwa. Nilipomuuliza kwa nini hakuja mapema, alijibu kwa mnong'ono: "Waliniambia nikipasuliwa nitakuwa bubu."

Neno hilo nalisikia kila mara, na siwezi kusema ni uongo mtupu. Mshipa waweza kuumia katika kupasuliwa. Katika mikono ya mpasuaji stadi, wanaobaki na uzi mmoja uliopooza daima huwa yapata mmoja au wawili katika mia. Wengine hukwaruza kwa majuma au miezi kisha hupona. Zamani hata kifo kilikuwa karibu. Theodor Kocher wa Bern, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909, ndiye aliyefundisha kupasua polepole bila kumwaga damu, na waliokufa mikononi mwake wakapungua hata chini ya mmoja katika mia.

Tena kisu hulaumiwa kwa makosa ya rovu. Mwimbaji mashuhuri wa Italia, Amelita Galli-Curci, alipasuliwa huko Chicago mwaka 1935. Alitiwa ganzi ya shingo tu, akaimba palepale mezani ili waganga wasikie kama mshipa u salama. Mwaka uliofuata alirudi jukwaani, lakini sauti haikuwa ile, na miaka mingi watu wakasema kisu kilimwua mwimbaji. Hata hivyo sauti yake ilikuwa imeanza kushuka kabla, na mwaka 2001 waganga wawili walioichunguza upya habari hiyo hawakuona ushahidi wa kutosha kukilaumu kisu. Mimi nadhani alichelewa.

Kwa hiyo mtu mwenye rovu ambaye sauti yake imekauka zaidi ya majuma matatu na aende hospitali, na aombe nyuzi zake zitazamwe kabla ya kupasuliwa, wala si baada tu. Kuna wenye uzi uliopooza wasiojua, na akitazamwa baadaye tu, hakuna awezaye kusema ulipooza lini. Asikubali shingo kuchomwa moto wala kuchanjwa.

Yule mama nyuzi zake zote mbili zilikuwa zikisogea, ila wa kushoto kwa uvivu. Alipasuliwa. Sasa anaimba, ingawa noti za juu amewaachia wasichana.

Kutazama si jambo la kuumiza. Aliyeonyesha njia hiyo mwaka 1854 ni mwalimu wa kuimba kama ninyi, Manuel García, aliyeziona nyuzi zake mwenyewe kwa kioo kidogo na mwanga wa jua. Nimekileta kioo changu. Atakaye kuona nyuzi za mwenzake zikiimba, na aje hapa mbele tukimaliza maswali.