Uraibu Kabla Haujawa Ugonjwa



Neno "uraibu", ambalo leo tunalitumia kwa heroini na pombe, halikuzaliwa hospitalini. Kwa wazee wa pwani uraibu ni tambuu: jani, popoo, chokaa na tumbaku, vimetiwa ndani ya kijaluba. Mgeni akiketi, anasogezewa. Kijaluba kikizunguka, na maneno yanazunguka. Sisemi tambuu ni salama. Popoo huleta saratani ya kinywa. Nasema tu kwamba jina la ugonjwa huu tulilitoa barazani, penye watu, na jioni hii nataka turudi huko kulichunguza.

Vijiweni kuna neno jingine: arosto. Wamelileta mateja, na sasa hata binti aliyesahau chaja anasema ana arosto ya simu. Tunacheka. Lakini arosto ziko mbili, na tukizichanganya tunatibu hewa. Ya kwanza ni ya mwili: kichwa kinagonga kwa kukosa chai, mikono inatetemeka kwa kukosa pombe. Ya pili haina kipimo cha maabara.

Nilivuta sigara miaka 11. Nilipotaka kuacha, nikaanza kuandika katika kijidaftari saa ya kila sigara. Ya asubuhi ilikuwa ya mwili, sina ubishi. Iliyonishangaza ni ya saa moja jioni. Niliiwasha nje ya geti langu, ufunguo mkononi, ilhali nusu saa tu kabla nilikuwa nimemaliza nyingine kituoni. Mwili haukuwa na njaa nayo. Mama alikuwa amefariki Machi ya mwaka ule, na ndani hapakuwa na wa kuniuliza nimeshindaje. Nilikuwa nanunua dakika sita za kutofungua mlango.

Na si sigara tu. Mwaka 1971 Marekani ilihofia wanajeshi wake waliokuwa wakirudi kutoka Vietnam na heroini mwilini. Mtafiti Lee Robins, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, akawafuatilia. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa teja kule vitani. Katika mwaka wa kwanza nyumbani, kati ya kila mateja 100 wa aina hiyo, waliorudia uteja walikuwa takriban 5.

Wapo wanaoushika utafiti huu wakadai heroini ni mchezo. Waende hospitali ya Muhimbili, ambako dawa ya methadoni imekuwa ikitolewa tangu 2011, wawasikilize wanaoinywa. Askari yule alipopanda ndege aliiacha vita nyuma yake, pamoja na hofu na usiku wa kungoja kufa. Teja wetu akitoka kliniki anarudi kijiwe kilekile, kwa ndugu walewale waliokwisha kumficha vyombo.

Kwa hiyo aliye na mvutaji nyumbani, au kijana anayeweka mkeka wa kamari kila siku hadi nauli inaisha, asianze kwa kuficha pakiti wala kumnyang'anya simu. Amuulize saa. Ni saa ngapi mkono unakwenda wenyewe, na dakika tano kabla ya hapo alikuwa wapi, na nani?

Wavutaji wa chuo hiki nimewapita getini nikiingia. Tukimaliza nitakuwa pale nje. Sigara sina tena, ila kahawa na kashata zipo, na viti vinatosha.