Namna ya Kuchemsha Mayai Ili Maganda Yatoke Vyema

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wachuuzi wa vyakula wa mitaa ya mashariki ya Nairobi.)



Jambo nililoitwa kulisema mbele yenu laweza kuonekana dogo, hata mtu akacheka: namna ya kuchemsha mayai ili maganda yatoke bila kuondoka na ute. Lakini kila apitaye jioni katika Barabara ya Jogoo, au Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo na Gikomba, huwaona wachuuzi na ndoo zao za mayai, kachumbari na pilipili. Kwa watu hao yai si jambo la kuchekesha. Ni kodi ya nyumba na karo ya shule.

Tufanye hesabu. Tuseme mchuuzi amenunua trei moja ya mayai 30, kila yai kwa shilingi 15. Ametoa shilingi 450. Akiyauza yote kwa shilingi 25, atapata shilingi 750, na ziada yake ni shilingi 300, kabla ya kuondoa gharama ya makaa, nyanya na vitunguu. Sasa tuseme mayai 6 yameraruka katika kuambuliwa, na wanunuzi wameyakataa. Atapata shilingi 600 tu, na ziada ni shilingi 150. Mayai yaliyoharibika ni moja katika kila matano, lakini ziada iliyopotea ni nusu nzima. Ndiyo maana wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Yai likiraruka, lawama humwangukia aliyeliambua. Ni mara ngapi mama amemkemea binti yake kwamba mkono wake ni mzito? Nataka mjue leo ya kuwa mara nyingi kosa si la mkono. Kosa limekwisha kutendeka kabla yai halijafika mkononi.

Sababu ya kwanza ni upya wa yai. Watu wengi husadiki kwamba yai lililotagwa leo ndilo bora kwa kila kazi. Kwa kukaanga ni kweli, bali kwa kuchemsha sivyo. Chini ya ganda kuna utando mwembamba mweupe. Yai likiwa jipya, ute wake una hewa ya kaboni nyingi, na ute wa namna hiyo ukipikwa hushikamana sana na utando huo. Lakini ganda lina vitundu maelfu visivyoonekana kwa jicho. Siku baada ya siku hewa ile hutoka kwa vitundu hivyo, asidi ya ute hupungua, na ute haushiki tena kwa nguvu. Kwa hiyo yafaa mayai ya kuchemsha yakae siku 4 hadi 7 mahali penye kivuli na ubaridi. Wala yasikae kupita kiasi. Litie yai katika maji: likilala chini, ni jipya, likisimama wima, limekaa siku kadhaa, likielea juu, lisiuzwe.

Sababu ya pili ni moto wa mwanzo. Wengi hutia mayai katika maji baridi, ndipo wakachochea moto. Ute hupata joto polepole, nao huungana na utando. Basi maji yachemke kwanza, kisha mayai yateremshwe taratibu kwa upawa. Joto la ghafula huufanya ute wa nje ugande wenyewe kabla haujaushika utando. Sufuria iwe kubwa na maji yawe mengi, kwa maana mayai 30 yakiingia pamoja katika maji machache huyapoza. Ni heri kupika 15, kisha 15. Maji yakirudi kuchemka, moto upunguzwe kidogo ili mayai yasigongane na kupasuka.

Hapa pana jambo ambalo mgeni kutoka Mombasa huenda asilijue. Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na maji yetu huchemka yafikapo nyuzi 94 au 95 hivi, wala si 100 kama pwani. Yai linalohitaji dakika 11 huko, hapa lipewe dakika 13 au 14. Likizidishiwa sana, kiini huzungukwa na rangi ya kijani. Rangi hiyo si sumu, lakini mnunuzi haipendi.

Sababu ya tatu ni maji ya kupozea. Mayai yakitoka motoni yatiwe mara moja katika maji baridi kwa muda wa dakika 10 au zaidi, na maji yakipata joto yabadilishwe. Yai hujikunja ndani na kuachana na ganda. Lakini angalieni: yai lenye ufa, likipoa, huvuta maji ndani yake. Nairobi iliingiliwa na kipindupindu mwaka 2017, nasi twajua ugonjwa huo husafiri kwa maji na chakula. Hivyo maji ya kupozea yawe safi kama ya kunywa, wala yasiwe yale yaliyooshea nyanya.

Katika kuambua, gongeni kwanza upande ulio butu, ambako mna nafasi ya hewa, mkaanzie hapo. Nawa mikono kwa sabuni, wala usiambue kabla mnunuzi hajafika. Ganda ni kifuniko kilicho bora kuliko vyote mtakavyonunua.

Msiyakubali maneno haya kwa sababu nimeyasema mimi. Usiku wa leo chukueni mayai 6 ya trei moja. Matatu yaanze katika maji baridi, matatu katika maji yachemkayo, kisha yote yapozwe sawasawa. Mpeni yule mnayemwita mzito wa mkono ayaambue, mkatazame mbele yake. Huenda mkaona kwamba anadai kuombwa radhi.