Pipa la Unga la Mjane wa Sarepta
(Hotuba ya walimu, Siku ya Wakimbizi Duniani, kambi ya Nyarugusu)



Sisi walimu tumepewa dakika chache tuseme juu ya kumtegemea Mungu kwa riziki ya kila siku. Wengi wetu tulivushwa Ziwa Tanganyika mgongoni mwa mama zetu mwaka 1996, kambi hii ilipofunguliwa. Tumekulia kwenye mgao wa unga wa mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Kwetu riziki si neno la mimbarani tu. Ina kadi, ina foleni, ina kipimo.

Mwaka 2017 mgao ulipunguzwa hadi asilimia 62 kwa uhaba wa fedha, na mwaka 2023 ukashuka hadi nusu. Sisi tuliona darasani: mtoto anasinzia kabla ya saa nne, haulizi swali, hachezi. Siku hizo tulisikia baadhi wakihubiri kwamba anayenung'unika hana imani. Wachungaji mtuwie radhi, hapo hatukubaliani. Jangwani Waisraeli walinung'unika kwa njaa, na Mungu aliwajibu kwa mana. Tena mana ilipimwa, pishi moja kwa kila kichwa, na aliyeficha ya kesho aliikuta ina mabuu. Siku ya sita tu waliokota mara mbili, kwa ajili ya Sabato.

Tumtazame Eliya pia. Alikuwa mkimbizi kama sisi. Alimkimbia mfalme Ahabu wakati wa ukame, kijito cha Kerithi kikakauka, akavuka mpaka mpaka Sarepta, nchi ya Sidoni. Mungu hakumpeleka kwa tajiri. Alimpeleka kwa mjane aliyekuwa akiokota kuni, amebakiwa na konzi moja ya unga. (Akina mama mnaotafuta kuni nje ya kambi mnaelewa habari hii kuliko mwalimu yeyote.) Unga ule haukuwa gunia. Haukuongezeka ukajaa nyumba, haukuisha tu. Kila asubuhi mama yule alitia mkono ndani ya pipa bila kuona akiba ya kesho, akapika. Hiyo ndiyo imani tunayoijua hapa.

Wala mwenyeji yule hakuwa na ziada. Ndugu zetu Watanzania wa vijiji vya jirani nao wana njaa zao, jambo tunalolisahau upesi tunapogombana nao kwa kuni.

Kwa hiyo, ndugu wa mashirika, tukiuliza kwa nini kipimo kimepungua, msidhani tumeacha kusali. Tunasali, na tunauliza. Na sisi wenyewe tukiona kopo la kugawia limebonyezwa chini ili lipime pungufu, tuseme, hata kama anayegawa ni mtu wa kanisa letu.

Akina mama wa kwaya kadhaa wameanza kutoa konzi moja ya unga kabla ya kusonga ugali. Unga huo hupelekwa kwa wazee wasio na watoto na kwa wagonjwa. Wanaotaka kujiunga waonane nao Jumapili baada ya ibada, waje na chombo chenye kifuniko.