Shahada ya Ubongo na Riziki ya Msomi



Mzazi anayeuza shamba ili mwanawe akasome Marekani sayansi ya ubongo na mishipa ya fahamu anastahili kuambiwa ukweli kabla shamba halijapata mnunuzi. Shahada ya kwanza ya fani hiyo haimfanyi kijana kuwa daktari. Wengi wanaoishia hapo huwa wasaidizi wa maabara, wakitunza panya na kuandika vipimo vya utafiti wa wengine.

Anayetaka kuwa mtafiti kamili hana budi kusoma shahada ya uzamivu, kazi ya miaka mitano au sita. Hapo kwa kawaida halipi karo; chuo ndicho kinachomlipa posho, jambo jema ambalo wazazi wengi hawalijui. Lakini akihitimu hukaa tena miaka kadhaa katika utafiti wa mkataba. Mwaka 2024 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilimpangia mtafiti wa ngazi hiyo anayeanza dola 61,008 kwa mwaka. Zikihesabiwa kwa shilingi ni utajiri; mjini Boston kodi ya nyumba huzila. Nafasi za uprofesa nazo ni chache kuliko wanaozitafuta, hivyo wengi huhamia makampuni ya dawa au ya kompyuta.

Kijana mwenye nia ya kutibu kifafa na kiharusi anayo njia ya Muhimbili: udaktari miaka mitano, mwaka wa utarajali, kisha ubingwa. Basi mwalimu amwulize mapema, kabla fomu hazijajazwa: anachokipenda ni ubongo, au ni kuitwa daktari?